Peni ya Kubonyeza ya Babu

Mdogo wangu, ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani. Babu alirudi kutoka mazoezi ya kwaya, akakaa kwenye benchi la uani hapa nyumbani Igogo, akacheka, na meno yake yalikuwa ya bluu. Bluu kabisa, mpaka fizi. Mama alitoka jikoni mbio akidhani ugonjwa umerudi.

"Wino tu," Babu akasema. "Nimefungua peni kwa meno, ikanijibu."

Mimi si mzee. Niko kidato cha tatu, na watu wakiwa wengi sauti yangu huwa haitoki. Ndiyo maana naandika. Lakini hili limenipata kabla halijakupata wewe, kwa hiyo kaa nikusimulie taratibu.

Babu ni mwalimu wa kwaya tangu Mama hajazaliwa. Nyimbo anatunga mwenyewe, na nota anaziandika kwa mkono, sauti zote nne. Kama hujawahi kuona karatasi ya nota, ni herufi ndogondogo, d, r, m, na katikati yake nukta, mikato na nukta mbili. Hivyo vialama ndivyo vinavyomwambia mwimbaji avute au akimbie. Ukiweka nukta mahali pa mkato umeharibu wimbo.

Halafu kiharusi kikamchukua mkono wa kulia. Tulidhani kutunga kumeishia hapo. Babu akaanza upya kwa mkono wa kushoto, kama mtoto wa chekechea, d moja ukubwa wa yai. Mama mmoja wa mazoezi ya viungo hospitalini alimsisitiza sana: andika kila siku, mzee, mkono huu ukiupumzisha utasahau. Peni za kawaida zilimshinda kwa sababu zinataka kukandamizwa, na kwa mstari mmoja tu vidole vinachoka. Akatoa sandukuni peni yake ya zamani ya nibu, ile ncha ya chuma, nayo nyembamba. Hiyo haitaki nguvu, unaigusisha tu karatasi na wino unakuja wenyewe. Shida ilikuwa kifuniko. Mtu wa mkono mmoja anafunguaje kifuniko? Kwa meno.

Kwaya ilimcheka siku ile. Si kwa ubaya, kwaya yetu ina utani. Jamaa mmoja wa sauti ya nne aliuliza, "Mwalimu, zambarau umekula peke yako hata kutukaribisha?"

"Za kwenu ziko njiani," Babu akajibu. "Fungueni midomo, tuanze."

Mjomba aliposikia habari hiyo akapiga simu. Akasema siku hizi zipo peni za nibu za kubonyeza. Unabonyeza kwa kidole gumba nibu inatoka, unabonyeza tena inarudi ndani, na ndani mna kamlango kanakofunga ili wino usikauke. Hakuna kifuniko. Akaniambia, "Wewe ndiye unayekaa naye, unamjua anavyoandika. Nenda mjini ukamchagulie."

Nilivimba kichwa, nakuambia ukweli. Babu alikuwa ameanza wimbo wa Jumapili ya mavuno na alitaka aumalize kwa mkono wake mwenyewe. Mama alipojitolea kumwandikia alikataa. "Nikiandikiwa, ni wimbo wa mtu mwingine," alisema. Basi wimbo wote ulikuwa unaisubiri hiyo peni, na peni ilikuwa inanisubiri mimi.

Duka lenyewe ni la vifaa vya ofisi. Mwenye duka ni mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia ninachotaka kwa sauti ndogo mpaka akanirudishia, "Sema kwa nguvu mwanangu, feni inakula maneno."

"Peni ya nibu. Ya kubonyeza."

"Ahaa! Leo nimepata mteja wa maana. Ya nani?"

Nikageuka kutazama nyuma.

"Nakuuliza kwa sababu peni ya nibu si kandambili za bafuni, kwamba kila mtu wa nyumbani anavaa. Ni yako mwenyewe?"

Nyuma yangu walikuwa wamesimama wavulana wawili wa shuleni kwetu, wa kidato cha nne, wanasubiri kutoa kopi. Nikijibu ni ya Babu, ataniuliza Babu ana nini, nitaanza kueleza kiharusi, mkono, meno ya bluu, na hao wamenitolea macho. Nikasema, "Ndiyo. Yangu."

"Unaandikia mkono gani?"

"Wa kulia."

"Wapi?"

"Kwenye daftari."

Akaweka peni tatu juu ya kioo, kila moja na unene wake wa nibu, akasukuma chupa ya wino na kipande cha karatasi. Nikajaribu ya nibu nyembamba, ikakwaruza kidogo. Ya kati, sawa. Ile nene sasa, mdogo wangu, ilikuwa inateleza kama sabuni. Nyeusi, na kile chuma cha kubania mfukoni kilikuwa na rangi ya dhahabu. Nikaandika jina langu, Nyanjura, likatoka nene na kung'aa.

"Duh," mvulana mmoja akasema nyuma yangu, "sista anaandika kama cheti cha ndoa."

Mwenzake akacheka. Na mimi, badala ya kuona aibu, kwa mara ya kwanza nikaona raha ya kutazamwa.

"Hiyo ni tamu," mama wa duka akasema, "lakini inamwaga wino mwingi na inachelewa kukauka. Kwa wewe wa mkono wa kulia haina neno. Angekuwa mtu wa kushoto ningemkatalia, maana mkono wake ungepita juu ya wino mbichi."

Nilimsikia. Hapo ndipo penyewe. Siwezi kusema sikujua, kwa sababu aliyasema maneno yote na mimi nikayasikia yote, na picha ya mkono wa Babu ikaja kichwani. Kumrekebisha kulitaka nikiri kwamba nimedanganya, mbele ya wale wavulana. Nikajiambia Babu ataizoea. Nikasema, "Naichukua hiyo."

Babu aliifurahia kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akipewa. Aliibonyeza kwa kidole gumba, nibu ikatoka, akaibonyeza, ikaingia. Akafanya hivyo mara nyingi mpaka Mama akamwambia ataiua kabla haijaandika. Babu huniita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Mama," akaniambia, "umeyapumzisha meno yangu."

Kisha akaandika mstari. Mkono wa kushoto ukaja nyuma ya maneno yake mwenyewe na kuyafuta. Akageuza kiganja, akakitazama, kilikuwa na bluu kutoka kidole cha mwisho mpaka kwenye kifundo.

"Ni nzuri," akasema. "Mimi ndiye nitakayejifunza subira."

Akajifunza kweli. Alikuwa anaandika vialama vichache, anapuliza, anangoja, anaandika tena. Nilikuwa namwona kila nikirudi shule, amekaa pale mezani mashavu yamevimba kama anapuliza moto. Naye akinitazama anatabasamu. Ningeweza kusema siku yoyote kati ya hizo. Nilikuwa nampita tu, shikamoo Babu, marahaba mama, naingia chumbani.

Akaumaliza wimbo. Tukatoa kopi, tukagawa. Mimi naimba sauti ya kwanza, kwa hiyo nilikuwepo.

Mstari wa kwanza ulikwenda. Mstari wa pili sauti ya pili wakavuta, sisi tukakimbia, sauti ya nne wakaruka mahali pasipo na daraja. Watu wakacheka, tukaanza tena. Tukaharibu palepale. Tukaanza tena. Sasa hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wetu, Mama Tabitha, akainuka na karatasi yake akaenda mbele.

"Mwalimu, samahani, hapa ni nukta au ni mkato?"

Babu akaisogeza karatasi karibu na macho, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Wino ulikuwa umetanuka, nukta na mikato vimekuwa kitu kimoja. Akaichukua ile karatasi yake mwenyewe ya mwanzo, nayo ilikuwa vilevile. Mtu aliyetunga wimbo hakuweza kuusoma.

"Mkono wangu umeniangusha," akasema. "Nisameheni jamani."

Mkono wake! Na mimi nimekaa mstari wa mbele, nimeshika karatasi, mdomo umefungwa kabisa.

Kamati ikaamua kwa heshima kwamba Jumapili ya mavuno tuimbe wimbo wa zamani. Babu akaafiki kabla hawajamaliza kuomba. Alipofika nyumbani aliiweka peni juu ya kabati la vyombo. Tukimwambia aandike anasema amestaafu, na kama amestaafu ualimu wa shule kwa nini asistaafu na huu. Hakuandika kesho yake, wala juma lililofuata, wala mwezi ule. Vidole vya kushoto vikaanza kukunjana.

Siku nilipoviona havifiki kwenye sikio la kikombe ndipo nilipoichukua ile peni na kurudi dukani. Safari hii kulikuwa na watu wengi zaidi. Nikasema yote, na hakuna aliyenicheka hata mmoja. Mama wa duka alinisikiliza, akavaa miwani, akaifungua peni katikati, akachomoa nibu nzima na kijumba chake kama mtu anayetoa betri kwenye tochi. Akachomeka nyembamba.

"Mbona hukusema, mwanangu? Kitu chenyewe kinabadilishwa hivi tu."

Nililia njia nzima kupitia Mabatini, nimeinamisha kichwa kama natafuta kitu barabarani.

Nilimwambia Babu jioni ileile, Mama akiwepo. Aliuliza mara mbili kuhakikisha, kwamba duka lilinionya? Nikasema ndiyo. Akasema, "Kwa hiyo uliogopa kuchekwa." Nikaitikia. "Mimi nilisimama mbele ya kwaya nzima na meno ya bluu, mama. Ulisikia nimekufa?"

Afadhali angenifokea.

Babu akaichukua peni, akajaribu kuibonyeza. Kidole gumba hakikuwa na nguvu hiyo tena. Mama akambonyezea. Akaigusisha karatasi, ikamteleza vidoleni ikaanguka, akaiokota, ikaanguka. Mama wa mazoezi ya viungo anasema inawezekana mkono ukarudi, inawezekana usirudi, haahidi. Siku hizi kila asubuhi Babu anaandika d, na ikitoka safi ananiita niione. Inakauka papo hapo. Nukta yake ni nukta.

Wimbo uko kichwani mwake. Sauti ya kwanza anaiimba yote, ila juzi alipofika kwenye sauti ya nne alisimama katikati akatikisa kichwa. Nilimwambia, Babu, imba mimi niandike. Akanijibu, "Tungoje kidogo, mama, mkono unakuja." Nangoja, huku najua kinachopotea wakati tunangoja.

Basi nisikilize, mdogo wangu. Ukitumwa kumchagulia mtu peni ya kuandikia kila siku, usiichague kwa mkono wako. Kumbuka wake. Sema anaandikia mkono upi, sema anaandika herufi kubwa au vitu vidogo vya kupishana kwa nukta, sema vidole vyake vina nguvu kiasi gani. Nenda na karatasi anayoitumia yeye, andika, kisha pitisha kidole juu yake uone kama wino umeshika. Ibonyeze kwa kidole gumba peke yake. Angalia kile chuma cha kubania kimekaa wapi, maana kwenye peni hizi kiko upande wa nibu, na vidole vingine kinavisumbua. Rangi ya dhahabu itazame mwisho. Na mwenye duka akikuuliza ni ya nani, mjibu ukweli hata kama shule nzima imepanga foleni nyuma yako. Na ukishakosea, rudi siku ileile. Mimi nilirudi, nilichelewa tu.

Mungu akupe sauti ya kutosha kwa siku utakayoihitaji. Akupe watu wa kuwatumikia wakiwa bado wana nguvu za kupokea. Na mkono utakaoupenda, wowote utakaokuwa, audumishe katika kazi yake. Amina.