Duara Lililoachwa Wazi

Ndani ya ndege ya kivita aliyoihudumia kaka yangu, chini ya kipimo cha mwinuko, mkono wa kushoto, palikuwa na nini? Nimesoma hadi chuo kikuu, nimezeeka kidogo, na swali hilo bado linanishinda. Lilinirudia Julai iliyopita, nilipokwenda Kihesa na mwanangu kuiangalia nyumba yetu ya zamani. Jioni aliweka kompyuta yake juu ya meza ya marehemu bibi, akafungua ule mchezo wa kurusha ndege za kivita.

Usidhani kwake ni mchezo. Yeye na wenzake walio nchi mbalimbali hubishana juu ya umbo la bawa au rangi ya mkia mpaka wakanuniana. "Mama, hawa waliotengeneza mchezo wametukosea," alisema. "Ndege zetu zilikuwa za Kichina. Humu ndani wamechora ya Kirusi, wakaipaka tu rangi zetu. Ule ubao wa mjomba uko wapi?"

Ubao huo wa kaka yangu ulikuwa jikoni, umeegemea ukuta, mweusi kwa moshi.

Kaka alikuwa fundi wa malori Mwanjelwa, kule Mbeya, kabla hajaingia jeshini na kufundishwa injini za ndege. Mwaka ule wa sabini na nane alikuja likizo wakati wa baridi, ukungu umelala mpaka saa nne za asubuhi. Mjomba wetu sisi, mfanyakazi wa mashamba ya chai, alikuwa ametuletea kutoka Igowole sanduku tupu la mbao nyembamba, la kufungashia majani. Kaka alilipasua, na upande mmoja akaugeuza kuwa ubao wa vipimo vya ndege. Kiti kilitoka kwenye lori bovu. Usukani ulikuwa fimbo ya mti wa muwati. Vipimo alivichora kwa waya uliopashwa motoni, kimoja baada ya kingine, na kila waya ulipogusa ubao, harufu ya chai ilipanda pamoja na moshi, ikachanganyika na ya viazi alivyovifukia bibi kwenye majivu.

Nilikuwa na miaka kumi. Alinikalisha kitini, akanifunga macho kwa kitambaa.

"Cha mwendo?"

"Hiki."

"Cha mafuta?"

"Hiki."

"Mdogo wangu, umetufikisha Mbeya bila kumwaga chai ya abiria."

Duara moja, chini ya kipimo cha mwinuko, lilibaki wazi. Nilipomuuliza, aliuweka waya chini. "Hapo sina uhakika. Mimi mtu wa injini, kwenye kiti cha rubani naingia mara mojamoja. Nikirudi nitakuwa nimeangalia vizuri."

"Si uchore chochote tu?"

"Chochote hakirushi ndege."

Sasa nikueleze habari ya bibi. Alisuka vikapu vya milulu, yale majani marefu ya bondeni, na nyumbani kwake kulikuwa na mwiko mmoja mzito: kazi iliyoachwa na msafiri haimaliziwi na mwingine. Shangazi alipoolewa mbali, kikapu chake cha nusu kilining'inia darini miaka mitatu, milulu ikichomoza kama ndevu, mpaka aliporudi kukimalizia mwenyewe. "Ukimalizia kazi ya aliye njiani," bibi alisema, "umemfungia njia."

Kaka aliondoka. Kabla ya mwaka kwisha, vita vya Kagera vikaanza, na jioni tulikwenda kwa mwalimu jirani kusikiliza redio. Watoto wote wa mtaa walitaka kurusha ndege yangu. Nami niliwalazimisha kufuata sheria zote za kaka, hata kitambaa cha macho, hadi mtoto wa jirani alipochoka nazo.

"Dada rubani, ndege yako ina chongo," alisema, akichomeka kidole kwenye duara tupu. "Itatua kwenye choo cha mwalimu."

Walicheka sana. Siku iliyofuata bibi alipoteremka bondeni kukata milulu, nilipasha waya motoni. Sikujua chombo chochote kingine cha duara ila saa, kwa hiyo nikachora saa, na mishale yake nikaielekeza saa kumi, kwa sababu ndipo basi lilipomleta kaka. Bibi aliporudi alinusa. "Nani kaunguza?" Nikasema ni viazi.

Wiki chache baadaye walikuja wanaume wawili wenye sare. Kaka alikuwa amezikwa hukohuko Kagera.

Nyumba ilijaa watu, na waombolezaji walioketi karibu na ubao waliusifu. "Tazama, hata saa kaiweka," alisema mzee mmoja wa kanisani. "Kijana alikuwa makini." Bibi, ambaye hakuwahi kuvihesabu vipimo vile, alisogea, akaipitishia kidole mishale ile. Akauliza inasema saa ngapi. Wakamwambia saa kumi. "Basi ametuachia saa yake ya kurudi," alisema.

Kuanzia siku ile hadi alipokufa, bibi aliacha kusuka ilipofika saa kumi, akaketi mlangoni akiangalia njia. Nami niliketi kando yake. Mara nyingi nilifungua mdomo. Mtoto wa miaka kumi aliyeamini kwamba amemfungia kaka yake njia angeanzia wapi? Na baadaye, nilipokuwa nimesoma kiasi cha kutoamini hivyo, ningemnyang'anyaje mwanamke mzee saa kumi yake?

Haya yote mwanangu hakuyajua. Aliuinua ubao kwenye mwanga wa taa. "Hapa kwenye mchezo wameweka kipimo cha joto la injini," alisema. "Mjomba kaweka saa. Mjomba aliiona kwa macho yake, Mama. Nikiwatumia picha, watabadilisha."

Nikamwambia kwamba saa ile niliichora mimi. Aliurudisha ubao mezani.

"Bibi alijua?"

"Hakujua."

"Basi tuiache. Nani atajua?"

Nililala nikiliwaza bonde la milulu, ambalo sasa limejaa nyumba mpaka kwenye maji, na harufu ya chai, ambayo hata nikiubandika ubao puani siipati tena. Vilivyosalia vya kaka ni ule mkono wake kwenye mbao na ule ukaidi wake wa kutosema asichokijua. Hicho cha pili nilikuwa nimekifuta mimi.

Asubuhi, ukungu ukiwa bado mlangoni, nilinunua msasa dukani. Nilisugua polepole, maana mbao ni nyembamba. Mshale mfupi ukaisha, kisha mrefu, kisha namba zangu za kitoto, na ndani ya duara pakabaki peupe. Mwanangu alipiga picha. Chini yake aliandika, nami nikasoma kabla hajaituma: Hapa fundi hakuwa na uhakika.