Mkaa Uliokaa Kupita Kiasi

Umeme ulikatika nikiwa nimeshatia unga wa mkaa kwenye mirija miwili ya mwisho. Hapo hapo nilipaswa kuimwaga.

Nilikuwa msaidizi wa maabara mjini Kampala, miaka ile wanajeshi walipotawala, elimu yangu ya sekondari tu. Tulipima homoni ya tezi ya shingo. Katika mrija tulichanganya maji ya damu ya mgonjwa, kingamwili, na homoni ya aina ile ile tuliyonunua, yenye iodini ya mionzi. Homoni hizo mbili ziligombania nafasi kwenye kingamwili, na iliyokosa nafasi ilinaswa na mkaa. Upesi tulizungusha mirija kwa mashine, mkaa ukazama, tukapima mionzi iliyobaki katika maji ya juu. Mionzi ikiwa kidogo, homoni ya mgonjwa ni nyingi. Lakini mkaa ukicheleweshwa, hunyang'anya hata ile iliyokwisha kupata nafasi, na kipimo kinadanganya.

Mirija mingine yote, pamoja na ile ya kulinganishia, ilikuwa imeshazungushwa. Ile miwili ilikuwa ya jirani yangu wa mtaa wa Kyebando, mke wa sajini, mwenye rovu, uvimbe wa shingoni. Niliiongeza kwa ujirani, ikakosa nafasi kwenye mashine. Umeme uliporudi jua lilikuwa linashuka, nami nawaza vizuizi vya wanajeshi barabarani. Nikazungusha, nikasoma, nikaandika: homoni imezidi.

Daktari akampa vidonge vya kuipunguza.

Wiki zilizofuata sikutulia. Zamani, nikipita uani kwake, alinichokoza: "Dokta, leo umekunywa damu ya nani?" Sasa alikaa kimya mlangoni, amevaa sweta mchana wa jua kali. Nilikwenda soko la Kalerwe kununua muhogo nikarudi mikono mitupu. Usiku nilisikiliza buti za mumewe upande wa pili wa ukuta. Niliwajua watu walioitwa nje na wanajeshi mara moja tu na hawakurudi. Nilipanga maneno ya kumwambia mwanamke yule, nikayapangua, nikaondoka kwenda kazini kabla hajaamka.

Siku moja alinizuia njiani. Sauti yake ilikuwa inakwaruza.

"Dokta, dawa yenu inanilaza kama gogo. Uso umevimba, mpaka mume wangu anasema nakula peke yangu jikoni."

"Shemeji," nikasema, "usimeze tena hivyo vidonge. Kipimo kilikuwa kibaya. Mimi ndiye niliyekiharibu. Kesho twende kwa daktari, nimwambie mwenyewe, tupime upya."

Alinitazama.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

Akashika ukuta, akakaa chini polepole. Nami, badala ya kumuuliza hali yake, nikauliza, "Afande utamwambia?"

"Mimi nimevimba hivi, wewe unauliza habari ya afande!"

Kesho yake alikuja. Daktari alinifokea. Jirani yangu alinyoosha mkono kwenye meza yangu akageuza uso dirishani hadi nilipomaliza kutoa damu. Safari hii mirija yake niliitanguliza. Homoni ilikuwa chini kabisa. Vidonge vikasimamishwa, na taratibu uvimbe wa uso ukashuka.

Uani akawa ananisalimu kwa neno moja. Mumewe hakugonga mlango wangu kamwe. Sijui kama mkewe alimwambia, na sikuthubutu kuuliza mara ya pili. Usiku buti zikipita, niliamka nikakaa kitandani, nikasubiri.