Mahindi Meupe ya Kanku

Kindu ni mji wa wali na muhogo. Atakayekuja na habari za mahindi meupe atachekwa tu, na Kanku alichekwa sana. Mumewe Tshimpaka, mfanyakazi wa reli, alimtoa Kasai akamleta hapa kando ya mto Lualaba, na katika mzigo wake wa arusi alikuwa na mahindi ya mama yake. Akayatundika juu ya jiko, moshi uyapige, fukusi wasiyaguse. Kila msimu alipanda, kila msimu akatundika mapya.

"Mama, ule moshi njo unakula mahindi yako?" majirani walimtania.

Vita vilipokuja, treni ilinyamaza. Tshimpaka akafa kwa homa, dawa hakuna, na mashamba yakabaki kwa wenye bunduki. Watu walikula majani. Mwanawe wa pekee, Ngeleka, alikaa jikoni akitazama juu, kwenye moshi.

"Mama, nipe moja tu."

"Mbegu hailiwe, mutoto wangu. Tukikula hii, tutapanda nini?"

Ngeleka aliinuka akatoka. Alipanda mtumbwi wa watu, akavuka kutafuta mihogo ng'ambo. Mwenye mtumbwi alirudi peke yake, analia, akasema wenye bunduki wamemkuta kijana shambani. Tangu hapo Kanku hakutaka tena kuitwa Mama Ngeleka. Mahindi yale hakuyaonja tena, lakini aliyapanda kila mwaka, maana yakipotea, basi mtoto alikufa bure. Hilo ndilo lililomwamsha asubuhi, miaka yote hiyo.

Mwaka jana ukaja mradi mmoja na mahindi ya njano, mbegu iliyotengenezwa maabara, eti wadudu hawaiwezi. OGM, ndivyo walivyoiita. Watu walikasirika, na mimi nasema walikuwa na haki: ukishazoea kuomba mbegu kwa mwingine, shamba unalima lako lakini mwenyewe ni yeye. Wakakutana kwenye ukumbi wa parokia. Kanku akasimama, akaeleza kisa cha Ngeleka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu.

Ukumbi ulilia. Aliyelia kuliko wote ni Mamy, jirani ambaye shamba lake limepakana na la Kanku. "OGM hatuitake!" alipaza sauti. "Tutapanda ya Mama Kanku!" Wote wakaapa. Bwana wa mradi akafunga mifuko yake, akatoka na aibu.

Kanku, maskini ya Mungu, aliamini. Ili kila nyumba ipate mbegu, alishusha mahindi yote, akapanda yote, juu ya jiko hakubakiza hata hindi moja. Kosa hilo hakulifanya hata wakati wa vita.

Siku ya kuvuna, alimenya hindi la kwanza akakuta punje za njano katikati ya nyeupe. La pili vilevile. Mahindi hayajui mpaka, vumbi la maua huchukuliwa na upepo. Akapita katikati ya mihogo ya Mamy, na nyuma ya mihogo hiyo akakuta mahindi ya njano ya mradi yamesimama mistari mizuri. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, na mimi yule mwanamke namchukia mpaka leo.

Kanku aliyabeba mahindi yake nyumbani. Aliketi uani akapukuchua, akaanza kuchambua: nyeupe huku, njano kule. Mamy akaja na mtoto wake kumsaidia kupukuchua, kama majirani wafanyavyo. Alipoona yale mafungu mawili, akasimama.

"Mamy, uliapa," Kanku alisema. "Ulilia mbele yangu."

"Nililia kweli, mama. Lakini mihogo yangu iliozea chini, nikamuomba bwana wa mradi mbegu, maana mutoto alikuwa analia njaa. Nimujibu nini?" Mamy akainua macho. "Nimuambie vile ulimuambia Ngeleka?"

Kanku alitazama fungu la nyeupe. Lilikuwa linatosha kuanza tena. Kisha akayazoa yote mawili kwa mikono, nyeupe na njano, akayatia kwenye chungu kimoja, akamimina maji, akachochea moto.

Yalipoiva, alimpakulia kwanza mtoto wa Mamy. Mtoto akala, akaomba tena, akaongezewa, akaomba tena, akaongezewa.

Ngeleka alikuwa ameomba hindi moja tu.