Supu ya Kuongeza Kinga

Kila aliyekuja kuniona mwaka ule alikuja na kitu cha kuniongezea kinga. Shangazi alileta asali. Jirani mwenye duka pale Silibwet alileta tangawizi na kitunguu saumu, vimesagwa pamoja, na maagizo marefu kuliko ya daktari. Nilishukuru, nikaweka vyote kabatini, nikafunga mlango kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa havikunjiki.

Ngozi yangu ilikuwa inakuwa ngumu. Ilianzia vidoleni, na kwa miaka miwili hakuna aliyeshtuka, kwani huku kwetu nani hana mikono migumu? Tunachuma majani chai kwenye umande. Vidole vikigeuka vyeupe, kisha bluu, unaambiwa uvae glavu. Ugumu ulipopanda usoni mikunjo ikapotea, na wanawake kanisani wakaniuliza ninajipaka mafuta gani siku hizi. Nilitamani kumzaba mmoja wao kofi.

Mwishowe daktari mjini Kericho alijaribu kufinya ngozi ya mkono wangu, ikakataa kuinuka, akaagiza vipimo vya damu. Skleroderma, akasema. Kinga ya mwili wangu imekosea adui, inaushambulia mwili wenyewe, na ngozi inazidi kukaza kama kovu. Ugonjwa huo ukiachwa unaweza kuingia mapafuni. Akaniandikia vidonge vya kuipunguza nguvu hiyo kinga, na akanionya nisivichanganye na dawa za miti.

Hapo ndipo nilipokosana na mama, aliyekuwa amekuja kukaa kwangu ili anitunze.

"Daktari gani anapunguzia mgonjwa kinga?" aliuliza. "Hiyo dawa ni ya kukumaliza."

Akabandika sufuria ya mifupa ya mbuzi, akatia mizizi na maganda aliyoagiza kutoka Chebunyo. Nilieleza. Nikaeleza tena kwa Kipsigis, pole pole. Kila asubuhi supu ilikuwa mezani, chungu, nyeusi, na yeye amesimama hapo mpaka ninywe. Nilipoanza kukataa alinuna. Kisha siku moja nikakosa vidonge vyangu, nikauliza, akasema bila hata kupepesa macho kwamba amevitupa chooni.

Wiki hiyo nilikuwa tayari napumzika mara mbili kabla ya kufika juu ya shamba, pumzi haitoshi, na mama yangu mzazi anatupa kitu pekee kinachoweza kuyaokoa mapafu yangu.

"Mama, wewe si umefuga mbwa wakali?"

"Nimefuga."

"Kinga ni mbwa. Huyu wangu ameacha wezi, ananiuma mimi mwenye boma. Na wewe kila asubuhi unamlisha nyama ndiyo apate nguvu!"

Akaweka mwiko chini. Nikadhani ameelewa, na kweli alikuwa ameelewa, kupita nilivyotaka.

"Huyo mbwa hawezi kukuuma tu hivi hivi," akasema. "Ulimfanya nini?"

"Sijamfanya kitu! Hata daktari hajui. Hakuna mtu anajua!"

Nilikuwa sijawahi kumpigia mama kelele. Aliketi kwenye kigoda, akaanza kujipangusa mikono kwa leso ingawa ilikuwa mikavu. Akaniambia kwamba alipokuwa na mimba yangu alichuma majani chai hadi wiki ya mwisho, hata kwenye mistari iliyokuwa imetoka kunyunyiziwa dawa ya wadudu, kwa sababu msimamizi hakutaka visingizio. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata baba. Tangu ngozi yangu ianze kukaza alikuwa akilifikiria hilo.

Nilimwambia si yeye. Nikarudia, safari hii bila kelele. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyowasikiliza madaktari, nami nikaona haamini hata neno moja.

Supu aliiacha siku hiyo hiyo. Kujilaumu hakuacha.