Samaki wa Shemeji na Sufuria ya Chai

Chekeni mnavyotaka, ila msinikatize, maana mkasa huu ni wa aibu na hata leo nikiusimulia hufika mahali nikachanganyikiwa upya, nisijue hasa nilikuwa nimefikiri nini.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu Mwanza anafungua kitu. Shemeji yangu Deus, mume wa dada Konso, alipunguzwa kazi kiwandani, akachukua kiinua mgongo chake akakodi mahali pale Nyamagana, kwenye jengo la Mzee Mashauri, afungue mgahawa. Nyuma ya mgahawa kulikuwa na chumba kidogo chenye dirisha linalotazama ziwa. Mimi nilikuwa nalala kwenye kochi la dada nikiandika riwaya ya mapenzi ya baharini (bahari sikuwahi kuiona, lakini mawimbi nilishayaandika sura nzima nzima), na shemeji aliniahidi: "Ufunguzi ukipita salama, ufunguo wa kile chumba ni wako. Ukaandikie huko, nasi tupumzike na makaratasi yako." Nilikitamani chumba kile kuliko nilivyowahi kumtamani msichana yeyote.

Ili kuvuta wateja, shemeji alikwenda Dar akarudi kwa treni na samaki mmoja. Si wa kula. Kadogo, urefu wa kidole, rangi ya chungwa lililoiva, na mikanda mitatu myeupe kana kwamba amefungwa bandeji na nesi mwenye huruma. Akamweka kwenye tangi la kioo karibu na kaunta.

"Huyu kwao ni kwenye matumbawe," akanieleza. "Anakaa ndani ya kitu kama ua, kinawasha vibaya, samaki wengine wakikigusa wanakufa. Yeye amezoeana nacho, ndiyo nyumba yake."

Asubuhi ya ufunguzi akaenda kuchukua soda, akaniachia ulinzi. Nisimlishe, nisigonge kioo, nisiruhusu mtu kutia mkono. Habari za maji hakusema.

Sasa mimi ni mtoto wa Nansio. Kwetu mgeni akifika, kabla hajaulizwa hata habari za safari, maji yaliyolala mtungini yanamwagwa, yanachotwa mapya, na anayechota huonja kwanza. Nikamtazama yule mgeni, amekaa na maji yaleyale tangu Dar, nikaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi! Nikaelewa palepale: mkojo. Maskini, safari yote ya treni anajisaidia humohumo, anaogelea humohumo, na hana wa kumwambia. (Ndiyo, najua bahari ina chumvi, swali hilo nililipata shule ya msingi. Msiniulize asubuhi ile jibu lilikuwa limekwenda wapi.)

Nikachota ndoo mbili kutoka kwenye tangi, nikaziweka koridoni karibu na jiko nizimwage baadaye kwa sababu wageni walishaanza kuingia, nikajazia maji ya ziwa, matamu, niliyoyaonja mwenyewe. Nikajiona Mkristo kwelikweli.

Mzee Mashauri, mwenye jengo, akaketi mbele kabisa, uso kwa uso na tangi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiye huyu samaki wenu? Mbona ameegemea?"

Nikageuka. Samaki amelala ubavu dhidi ya kioo, anafungua na kufunga mdomo kama mtu aliyesahau jina la mwenyeji wake.

"Anapumzika, mzee. Ametoka mbali."

"Macho wazi?"

"Wa pwani ndivyo walivyo."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Maji mapya, safi, sasa anataka nini tena? Shemeji akaingia na kreti za soda, akamwona samaki, akanitazama. Kabla hajafungua mdomo, Mama Kulwa, mpishi wetu, alishagawa chai, Mzee Mashauri akapiga funda moja, akalitema lote kwenye gauni jipya la dada.

"Konso! Hii chai au dawa ya minyoo?"

"Hata yangu chumvi!" akasema mwingine.

"Jamani, sukari nimetia kwa mkono wangu huu!" Mama Kulwa akaapa. "Chumvi sijaigusa!"

"Maji ulichota wapi?" shemeji akauliza taratibu.

"Si ndoo ile ya koridoni? Nikajua Mwandishi kanichotea."

Hapo ningenyamaza. Ningenyamaza tu, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini kichwa kilikuwa kinazunguka, nikapiga kelele mbele ya wageni wote: "Mungu wangu, mmekunywa mkojo!"

Vikombe vikabaki hewani.

"Mkojo wa nani?" Mzee Mashauri akauliza.

"Wa... wa samaki, mzee."

Waliokuwa karibu na mlango wakatangulia nje kutema. Shemeji akajishika kichwa. "Ni maji ya bahari! Ndiyo anamoishi, wewe mtu! Umetoa nyumba yake, na huyu kaichemsha!"

Ndoo moja ilikuwa imesalia. Shemeji akamvua samaki kwa chujio la chai, akamtumbukiza humo, na wale waliokuwa wakitema wakarudi mmoja mmoja kuizunguka ndoo. Samaki akalala. Akalala. Halafu akatikisa mkia, akajiinua, akasimama wima, na nikamsikia Mzee Mashauri akishusha pumzi.

"Anataka mahali penye kivuli, pasipo na kelele," shemeji akasema, akatoa ufunguo mfukoni. Alikwenda akafungua kile chumba, akaweka ndoo juu ya meza niliyokuwa nimeshajichagulia kuandikia, akafunga, ufunguo ukarudi mfukoni. "Atakaa humu mpaka niagize maji ya kwao."

Jioni nilipita nyuma ya jengo, nikachungulia dirishani. Alikuwa akizunguka polepole ndani ya ndoo, na mbele ya dirisha lake ziwa limetandaa lisilo na ng'ambo, maji yote hayo, na hata tone moja si lake. Nikarudi kwenye kochi, nikazichana sura zangu za mawimbi.

Tangu siku ile, mgeni akija kwangu simbadilishii maji kabla hajaniambia kwao wanaishi na yapi.