Miguu Miwili ya Mwalimu Harshida

Harshida alizaliwa Kisutu, akapatwa na polio akiwa na miaka minne. Mguu wa kushoto ukabaki mdogo na mfupi kuliko wa kulia. Kila Diwali baba yake alinunua jozi mbili za viatu vya aina moja, kubwa na ndogo, na viatu viwili vikabaki kabatini bila mwenzi.

Alipoanza kazi ya ualimu, alielekezwa kwa Mazin, fundi viatu mwenye asili ya Uarabuni aliyekuwa na kibanda Gerezani, karibu na reli. Mazin hakuuliza namba. Alitandika kipande cha boksi sakafuni, akachora mguu mmoja, kisha mwingine.

"Kila mmoja nitauchongea kalibu yake," alisema. Kalibu ni ule mguu wa mti ambao fundi hushonea kiatu juu yake.

Wiki mbili baadaye Harshida alipita Mtaa wa Msimbazi wote bila kuchechemea, huku machozi yanamtoka. Hakujali nani anamwona.

Miaka ile jioni alikuwa akisomea falsafa. Siku moja, akisubiri gundi ikauke, alimsimulia Mazin habari za Wagiriki wa kale. Mwalimu mmoja alifundisha kwamba viatu tunavyoviona ni vivuli tu; kiko Kiatu chenyewe, kisichochakaa, ambacho huonekana kwa akili peke yake. Mwanafunzi wake akakataa: ukiondoa viatu vyote duniani, hicho Kiatu utakikuta wapi?

Mazin alicheka. "Mimi niko upande wa huyo mwanafunzi. Hapa hajawahi kuja mteja anayeitwa Mtu. Anakuja Idrisa na kidole gumba chake, unakuja wewe na miguu yako."

"Lakini fundi, ngozi ilipokuwa bado ngozi, ulijuaje pa kukata? Si tayari ulikuwa na kiatu kichwani?"

Sindano ilisimama. "Hapo umenikamata, Mwalimu."

Walibishana hivyo miaka zaidi ya thelathini. Mara nyingi Harshida alienda na viatu vizima kabisa, akijisingizia kisigino kimelegea. Vibanda vilipoondolewa, Mazin akahamia barazani kwake Ilala, na ubishi ukahamia huko.

Mwaka jana Mazin alifariki. Harshida alienda msibani. Mlangoni, akiinama kuvua viatu, aliona kati ya viatu vya wafiwa kimoja chenye soli nene, kisigino kimepigwa mshono mara mbili. Mkono ule wa Mazin aliujua.

"Ni changu, dada," alisema mwanamke aliyekuwa ameketi pale kizingitini. "Naitwa Mauza. Nyonga yangu ina hitilafu tangu kuzaliwa. Mzee alinishonea toka niko darasa la tano."

"Mungu wangu. Nilidhani niko peke yangu."

"Hata mimi." Mauza alimtazama miguuni. "Subiri. Ni wewe yule mwalimu wa Wagiriki?"

"Alikwambia?"

"Alinichosha nao! Nikimwambia kila mguu una mambo yake, anabisha: kuna Kiatu chenyewe, Mauza, bila hicho nisingejua pa kukata."

Harshida alijiziba mdomo kwa mtandio, asicheke msibani, akashindwa. Mauza naye akashindwa. Walikaa pale hadi adhana ya alasiri.

Siku hizi hukutana Jumamosi kwenye mgahawa mmoja wa Kariakoo, wanakunywa chai ya maziwa. Fundi mwingine hawajampata. Wakibishana, Harshida humwachia Mauza upande wa Kiatu chenyewe, yeye akashika ule ambao Mazin alimbishia nao: kila mguu na kiatu chake.