Kitambulisho Kilichotoka Pangoni

Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, na tumboni nilikuwa na chai tu.

Huku kwetu Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, nyuma ya machimbo ya zamani ya mawe, tuna pango. Lilikuwa jaa la takataka. Wakazi tulilisafisha, tukaweka geti la chuma, na watu wakaanza kuja kulitembelea Jumapili. Mlinzi wa geti ni mimi, na sipendi mchezo: hakuna kuchora ukutani, hakuna kuwasha moto, hakuna kusumbua popo. Kila anayeingia ananiachia kitambulisho, akitoka namrudishia. Vitambulisho vikiisha mkononi najua hakuna mtu ndani, nafunga. Mle kuna mashimo marefu, sitaki mtu alale humo.

Jumapili moja waliingia watu wanane. Mvua ikaanza, wakatoka mbio, kila mmoja kanyoosha mkono. Nami nilikuwa nimejifunika gunia kichwani, nikagawa vitambulisho bila kutazama nyuso. Kosa langu hilo, silifichi. Cha mwisho kilidaiwa na sauti ya msichana.

"Mzee, nipee ID yangu."

Nikampa. Vidole vyake vilikuwa baridi mno, vimejaa matope. Nikafunga geti, nikaenda zangu. Ningejuaje?

Jioni mama mmoja wa mtaa wa Huruma alinijia akihema. "Mzee, Wambui wangu ako wapi? Wenzake wamerudi bila yeye."

"Mama, wote walitoka. Kitambulisho cha mwisho nilikitoa kwa mkono wangu huu."

Alilia, nikachukua tochi tukarudi pangoni. Tulimkuta Wambui ameketi gizani, kwenye ukingo kabisa wa shimo.

"Kuna msichana aliniambia ningoje hapa," akasema. "Alisema ataniendea ID, nimwambie tu majina yangu yote. Nikamwambia."

Kitambulisho hicho hakijaonekana hadi leo. Wambui yuko kwao, haongei sana. Lakini watu wanakutana naye sokoni Muthurwa akichagua nguo, saa ambazo yuko nyumbani anapika. Shangazi yake wa mtaa wa Jericho alikula naye chakula cha mchana, wakacheka, siku ambayo Wambui alikuwa kitandani Huruma na homa.

Wiki iliyopita mama yake alinijia tena. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, siku ile tulimtoa nani mle ndani?"

Naogopa, na ninajilaumu kila siku.

Sasa namtazama kila mtu usoni mpaka wanasema nina kiburi. Waseme. Na wewe ukija kutembea kwetu, mtu usiyemjua akikuuliza majina yako humo gizani, usimjibu. Inuka utoke, uje unidai kitambulisho chako mwenyewe.